Mkono Uliolala Chekalini

"Mpe Phanuel ngoma aende nayo," Sellah alisema, akimnyonyoa kuku kwa hasira ambayo kuku mwenyewe hakuwa ameistahili. "Mkono umekataa. Wewe ni nani ubishane nao?"

"Ni mkono wangu."

"Ungekuwa wako ungekusikia."

Sylvanus alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni, mkono wa kulia umelazwa juu ya paja, umefungwa kibao cha plastiki kilichoanzia chini ya kiwiko hadi kwenye kiganja ili kiganja kisianguke. Ukutani, juu ya kichwa chake, ilining'inia isukuti kubwa ya kundi lao, ngoma ya mti mzito na ngozi ya kenge, ile ambayo mtu huivaa kwa mkanda begani na kuibana kwapani. Asubuhi hiyo Phanuel, binamu yake na kiongozi wa kundi, alikuwa ametuma ujumbe kwa simu: Jumamosi kuna harusi Butere, mchana atapita kuichukua ngoma, na mpigaji atakuwa Wanzala.

"Wanzala," Sylvanus alisema, kama mtu aliyekuta mchanga kwenye mboga. "Wanzala anapiganga ngoma kama mtu anayefukuza nzi."

"Angalau nzi wanatoka. Wakikaa juu ya mkono wako leo watajenga na kuoa."

"Ngoma ikitoka katika nyumba hii hairudi, Mama Shivachi. Unajua hilo."

Sellah alijua. Hata kuku, kama angekuwa hai, angejua. Katika kundi lao ngoma kubwa hulala kwa yule anayeipiga. Ikilala kwingine baada ya harusi moja, huzoea huko, na ngoma iliyozoea nyumba ni kama paka: utaiita mpaka sauti ikauke, nayo inakutazama tu. Ngoma hii ilikuwa imelala katika ukoo wa Sylvanus tangu kwa baba yake, mzee Lihanda, na kabla ya Lihanda haijulikani ililala wapi, kwa sababu Lihanda alikuwa na majibu tofauti kwa kila aliyemuuliza.

Sylvanus hakuwa mtu mkubwa. Alizaliwa na kukulia ukingoni mwa msitu, si mbali na Isecheno, na siku zake za kawaida alikuwa mtu wa jembe la ng'ombe. Alikuwa na mafahali wawili, Askofu na Diwani, na kwa hao alilima shamba lake la mahindi na mashamba ya majirani. Askofu alipenda kusimama katikati ya shamba na kutafakari. Diwani alivuta vizuri mwanzoni, kisha akasahau. Sylvanus aliwaendesha wote wawili kwa sauti tu, hakuwapiga, na waliomsikia akiwasemesha walidhani anagombana na mashemeji.

Lakini mtie mkanda wa isukuti begani, ndipo umwone. Watu wa Isecheno wanasimulia kwamba siku moja alipiga ngoma matangani mpaka marehemu akaanza kutikisa mabega ndani ya jeneza, ikabidi mchungaji aombe ngoma ipunguzwe kidogo ndipo maiti atulie azikwe. Mchungaji anakana. Ila mchungaji mwenyewe mabega yalikuwa yanamcheza chini ya joho siku hiyo, na hilo hajalikana. Wapo pia wanaosema kwamba akipiga jioni, kima wa msituni hushuka kwenye miti wakapanga mstari, dume mbele, na wakikosea hatua huanza upya. Ukikataa haya, nenda ukaulize kima.

Mtu wa namna hiyo akipoteza mkono, kijiji kizima hupoteza kitu. Na jinsi alivyoupoteza ni kisa.

Mahindi yalikuwa bado magotini. Kundi lilialikwa Chekalini, kule Lugari, kumzika mtu wa ukoo wao aliyehamia huko zamani, akapata kipande cha shamba lililokuwa la mzungu, akalima mahindi mpaka akazeeka. Mzee Lihanda alikuwa ameacha sharti moja juu ya ile ngoma: ikitoka kwenda matangani, haishuki chini mpaka marehemu ashuke kwanza. Itundikwe, ibebwe, ipakatwe kama mtoto, lakini udongo isiuguse. Kwa kawaida sharti hilo halimsumbui mtu, kwa sababu wafu wengi huzikwa kwa wakati.

Huyu hakuzikwa kwa wakati. Mvua iliyoshuka Chekalini ilijaza kaburi maji mpaka chura wakaanza kugawana viwanja. Wazee wakaamua lichimbwe lingine upande wa juu, na mazishi yakasogezwa hadi kesho yake. Wapiga ngoma wengine walitundika ngoma zao kwenye nguzo za hema wakaenda kulala. Sylvanus naye angetundika yake, sharti lisingevunjika. Lakini alimwona Wanzala akiizunguka ile nguzo kama paka aliyenusa omena, akaamua hatundiki. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, ngoma akaisimamisha mapajani, akaupitisha mkono wa kulia juu yake, ukingo wa mti ukaingia pale kati ya bega na kiwiko. Kisha wenye nyumba walipitisha busaa, pombe ya kienyeji, naye hakuwa mtu wa kuwavunja moyo wenye nyumba. Akalala kama gogo lililoangushwa likaridhika.

Asubuhi, jeneza lilipoinuliwa, Sylvanus alivaa mkanda, akainua mkono apige.

Mkono uliinuka mpaka kwenye kifundo. Kuanzia hapo kwenda mbele, kiganja kilining'inia kama shingo ya kuku aliyekwisha kuchinjwa. Kilipogusa ngozi, ngoma ilitoa mlio wa kitu kilichodondoka. Akajaribu tena. Kilidondoka tena. Phanuel aligeuka akamtazama, na kabla hajasema neno, Wanzala alikuwa ameshaupitisha mkanda begani mwake, amekwisha kuanza. Baada ya maziko ngoma ilirudi nyumbani na Sylvanus.

Kila mtu Chekalini alijua ugonjwa huo. Wa kwanza alisema marehemu amekasirika kwa kulazwa hema moja na walevi. Wa pili alisema ni baridi. Wa tatu alikuwa mzee anayejulikana kwa kurudisha mifupa, naye alisema mfupa umetoka mahali pake. Akaushika mkono, akaweka mguu kwenye ubavu wa Sylvanus, akavuta. Alivuta mpaka Sylvanus akarudi nyumbani ana mkono mmoja uliomzidi mwenzake kwa upana wa kidole, na tangu siku hiyo shati lake la Jumapili limekataa kukaa sawa. Lakini kiganja kilibaki kinaning'inia. Mfupa ulikuwa umevutwa kwa kosa ambalo haukulifanya.

Nyumbani, Sellah alichemsha maji ya chumvi, akachovya kitambaa, akamkanda kuanzia kwenye kifundo. Kitambaa kilipofika nyuma ya kiganja, pale kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ngozi ikawa nyekundu.

"Haikuchomi?"

"Nini?"

"Maji, Baba Shivachi."

"Maji gani?"

Sellah aliweka kitambaa chini. Alikuwa mwanamke wa kupigana na kila kitu, lakini alipokutana na jambo lenye akili alilipisha. "Huu si mfupa," alisema. "Mfupa ukitoka, mtu anaruka hata ukimpulizia. Kuna kitu kinachopelekanga habari ambacho hakipeleki. Kesho tunaenda Kakamega."

Walipanda pikipiki wote wawili, Sellah katikati akimshikilia mumewe mkono usije ukapeperuka. Hospitalini walimkuta Jepkorir, mtaalamu wa viungo, mama mwenye mwili mdogo na vidole vya mtu aliyekamua ng'ombe utotoni. Hakuvuta chochote. Aliketi karibu na Sylvanus, akamwambia, "Baba, nyoosha kiwiko." Kikanyooka. "Kunja." Kikakunjika. "Sasa inua kiganja, kama unamzuia mtu asiingie." Kiganja kikakaa pale pale. Sylvanus alikaza meno, akakaza shingo, akakaza mpaka masikio.

"Masikio yanatosha," Jepkorir alisema. "Ulilalaje siku hiyo?"

Sylvanus akaeleza. Alieleza sharti la baba yake, kaburi, mvua, chura na Wanzala, na Sellah akaongeza ya maji ya moto. Jepkorir alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kidole nyuma ya mkono wa Sylvanus, juu ya kiwiko.

"Hapa kuna mshipa wa fahamu. Unatoka kwenye uti wa mgongo, unapita kwapani, halafu unazunguka huu mfupa mkubwa wa mkono kama kamba ya mbuzi iliyozunguka kigingi. Hapo ndipo ulipoilalia ngoma yako usiku mzima. Mfupa mzima, baba. Misuli mizima. Mshipa haujakatika. Umekandamizwa ukazimia. Ubongo ukisema inua, neno linafika hapa linagota ukutani. Na habari za ngozi ya nyuma ya gumba zinarudi kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana mama alikuchoma ukawa unamtazama tu."

"Utaamka lini?"

"Ukipenda wenyewe. Wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Neno likianza kupita, kwanza utaona nyama ya hapa juu ya kigasha, huu mkono kati ya kiwiko na kifundo, ikishtuka karibu na kiwiko. Usiikimbize. Na kila siku, kwa huu mkono mzima, inua kiganja kilicholala na ukishushe, nyoosha vidole vyake. Viungo vikilala pamoja na mshipa vitakauka, na huo mshipa ukiamka utakuta mlango umefungwa."

Akamfunga kile kibao cha plastiki. Sylvanus aliondoka hospitalini akiwa ameelewa jambo kubwa, na jambo kubwa halikai kimya ndani ya mtu. Kufika nyumbani, hata kabla ya kuvua viatu, alikuwa amesimama katikati ya uwanja akimfundisha Sellah.

"Sikiliza. Mfupa ni jembe. Unaweza kuwa na jembe zuri kuliko yote Kakamega, peke yake halilimi hata futi moja. Nyama za mkono ni ng'ombe. Na ng'ombe anafanyanga nini?"

"Anakula mahindi ya jirani."

"Anavuta, Mama Shivachi. Anavuta tu. Umeshaona ng'ombe anasukuma jembe?"

"Sijaona."

"Hata nyama ya mkono haisukumi. Ndiyo maana Mungu aliziweka pande zote mbili. Hizi za chini ya kigasha zinavuta kiganja kikunjike. Hizi za juu zinavuta kiinuke. Hawa wakivuta, wale wanalegeza. Wakivuta wote pamoja, mkono unakakamaa kama Askofu akiona daraja. Kisha kuna kano, hizi kamba ngumu unazoziona hapa nyuma ya kiganja ukinyoosha vidole. Hizo ndizo minyororo. Ng'ombe amesimama huku karibu na kiwiko, jembe liko kule kwenye kidole, na mnyororo umepita katikati."

"Na huo mshipa?"

Sylvanus alinyoosha kifua. "Mshipa ni mimi. Mshipa ni sauti. Ng'ombe wa upande wa juu wako shambani, wamefungwa, wameshiba, jembe liko tayari. Wanangoja kuambiwa. Mwenye sauti amelala Chekalini."

Sellah alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini jioni, akisonga obusuma, alimwita. Alimwambia aweke mkono wake mzima juu ya kigasha chake yeye Sellah wakati akizungusha mwiko. Sylvanus alihisi nyama za mkewe zikipanda na kushuka chini ya ngozi, upande huu kisha upande ule, ilhali vidole vilivyoshika mwiko havikuonyesha kazi yoyote. Nguvu yote ilikuwa huku, vidole vilikuwa vinaburutwa tu.

"Sasa angusha kiganja chini," Sylvanus alisema, "kama changu. Ubane mwiko hivyo hivyo."

Sellah aliangusha kiganja, akajaribu kubana. Vidole vilikuwa vyake, vizima, lakini nguvu iliondoka kama mgeni aliyeona chakula ni kidogo. Mwiko ukateleza ukaingia kwenye sufuria.

"Kumbe," alisema.

"Umeona. Kushika hakujaharibika mkononi mwangu. Lakini bila wa juu kuinua kifundo, wa chini nao hawana pa kukanyaga. Na ngoma ni hivyo hivyo. Watu wanadhani kupiga ngoma ni kushusha mkono. Kushuka hata jiwe linashuka. Kupiga ngoma ni kuinua."

Tangu siku hiyo kila asubuhi aliketi uwanjani, akafungua kibao, akalaza mkono juu ya goti, akaziamrisha nyama zake kama anavyoamrisha mafahali. "Haya, Askofu. Haya, Diwani. Inua." Walio zizini waliposikia majina yao walisimama na kuanza kutembea, wakafika mpaka barabarani, ikabidi Sellah awarudishe. Walio mkononi hawakutikisika. Nyama ya juu ya kigasha ilianza kukonda, kama ilivyo kwa ng'ombe asiyefanya kazi, na Sylvanus aliitazama ikikonda akasema haidhuru, ng'ombe aliyekonda hunenepeshwa, aliyekufa ndiye hana dawa. Alikuwa na uhakika ambao ulimchosha mkewe kuliko ugonjwa wenyewe. Mahindi yalipita kiuno, yakapita kichwa, yakatoa ndevu. Kiganja kilikuwa bado kinaning'inia. Wanzala alikuwa ameanza kutembea kijijini na mkanda mpya wa ngozi begani, bila ngoma, ili bega lizoee.

Basi ndivyo ilivyofika siku ile, Sellah na kuku wake, na Phanuel njiani.

"Sikukatazi kuipenda," Sellah alisema, sauti imeshuka kidogo. Alikuwa amemaliza kunyonyoa, sasa anamkata kuku viungo, maana Phanuel ni mkubwa wa ukoo, na hata anayekuja kukunyang'anya lazima ale ingokho. "Lakini mtu akikaa na ngoma asiyoweza kuipiga, watu wanaanza kumhesabu pamoja na ngoma. Wote wawili wa kutundikwa."

"Nitaipiga."

"Lini?"

"Mkono ukiamka."

"Harusi ni Jumamosi. Mkono umekuambia utaamka Jumamosi? Mmeongea?"

Sylvanus alikuwa ameokota mguu wa kuku, ule wa njano wenye kucha, ambao Sellah alikuwa ameukata na kuutupa kwenye karai. Pale ulipokatwa ilichungulia kamba nyeupe. Aliibana kwa meno, kwa kuwa alikuwa na mkono mmoja tu wa kazi, akavuta. Kucha za kuku zikakunjika, zikafumba ngumi. Akaachia, zikafunguka. Akavuta tena.

"Unacheza kama mtoto," Sellah alisema.

"Huyu amekufa tangu asubuhi," Sylvanus alisema, kamba bado mdomoni, "na bado anashika. Mfupa upo, kano ipo. Anangoja tu wa kumvutia. Mimi niko hai kabisa, Sellah. Mimi nikose wa kunivutia?"

"Toa mguu wa kuku mdomoni uongee na mimi."

Akautoa. Akafungua mikanda ya kibao, akalaza kigasha juu ya meza ya jikoni, kiganja kikining'inia ukingoni. Akaanza. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ile ya shambani, ya chini, ya kumshawishi mnyama mkubwa mwenye mawazo yake. "Haya, Askofu. Haya, Diwani, usisahau. Inua."

Sellah alitaka kusema neno la kuuma, na lilikuwa limeiva. Lakini macho yake yalikuwa yamekaa kwenye kigasha cha mumewe, juu, karibu na kiwiko. Aliacha kisu.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Ulivyosema. Rudia."

"Haya, Askofu."

Sellah alifuta kidole kwenye kanga, akakiweka juu ya ile nyama iliyokonda. Ilishtuka. Ilishtuka kidogo sana, kama ngozi ya ng'ombe aliyeguswa na inzi, kisha ikatulia.

"Ni wewe unatetemesha bega."

"Bega hili nimeliacha kabisa."

"Basi ni damu."

"Damu inaitikia jina?"

Sellah hakushawishika kirahisi. Alimshikia bega kwa mkono mmoja asiweze kudanganya. Aligeuza kigasha kikalala kwa ubavu, gumba juu, ili kiganja kisiwe na mzigo wa kupandisha, kitambae tu juu ya meza. Akamwambia sema. Akasema. Nyama ikashtuka chini ya kidole, na safari hii kiganja nacho kilisogea kuelekea nyuma, polepole, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba. Kilisogea upana wa punje ya harage. Kikarudi.

Wote wawili walikitazama.

"Limepita," Sylvanus alisema. "Neno limepita."

Ungemtarajia aruke, amkimbilie jirani. Hakuruka. Aliketi akaegemea ukuta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo analolijua tangu zamani. Akasema, "Sawa. Wanzala aichukue."

"Nani?"

"Wanzala. Aende nayo Butere. Yule mama alisema nisiukimbize, na Jumamosi ni karibu. Mkono ukikomaa nitaifuata. Nilichokuwa naogopa ni kubaki hivi. Sibaki hivi. Basi naogopa nini?"

Sellah alifuta mikono yake pande zote mbili, akaenda ukutani, akaishusha ngoma kwenye msumari, akaketi nayo mapajani.

"Haitoki," alisema.

"Mama Shivachi. Tangu asubuhi umekuwa ukinifukuza pamoja nayo."

"Asubuhi nilikuwa sijashika kwa kidole changu."

"Umeshika punje ya harage. Harusi haichezwi kwa punje ya harage. Wakinipa mkanda Jumamosi, kiganja kitachoka kabla bibi harusi hajatoka nje, na hapo ndipo nitaaibika kweli."

"Wewe ndiye uliyesema ngoma ikitoka katika nyumba hii hairudi."

"Nilisema wakati sina mkono. Mtu asiye na mkono anasema mengi." Alisimama, akanyoosha mkono wa kushoto. "Lete. Ni afadhali akute nimeishika mimi, nimpe mwenyewe, kuliko akute tumejifungia nayo kama wezi wa mbuzi."

"Butere wakitaka ngoma, wachonge."

"Sellah, huyo ni Phanuel. Amekula hapa tangu tuoane."

"Na leo atakula, nimemchinjia. Ale kuku. Ngoma si mboga."

Sylvanus alishika mkanda kwa mkono wa kushoto, akavuta kidogo. Sellah hakuachia. Akavuta tena, na ili asianguke akaegemea mbele, mkono wa kulia, ule usio na kibao, ukatua juu ya ngozi ya kenge. Ulitua vibaya, vidole vimekunjama, na ngoma ikaguna.

Waliutazama mkono pale ulipo. Ulikuwa haujagusa ngozi hiyo tangu Chekalini.

"Jaribu," Sellah alisema.

"Hapana. Si wakati wake."

"Sijakuambia upige harusi. Jaribu tu, niisikie mimi."

Sylvanus alivuta pumzi. Hakutaja jina la fahali yeyote. Kigasha kilikaza, zile kamba nyuma ya kiganja zikajichora chini ya ngozi kwa mara ya kwanza tangu mahindi yakiwa magotini, na kiganja kikaondoka juu ya ngoma. Hakikuondoka sana. Mchwa angepita chini yake, panya asingepita. Kilikaa hewani kikitetemeka, kisha kikaanguka, na ngoma ikatoa sauti ndogo, fupi, safi.

"Tena," Sellah alisema. "Tena, halafu uniambie eti nimpe mtu ambaye hata—"

Mlango ulitiwa kivuli. Phanuel alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi, hodi yake imemfia mdomoni, na nyuma yake Wanzala na mkanda wake mpya begani. Mkono wa kulia wa Sylvanus ulikuwa tayari umeanza kupanda tena.